Sisimizi kwa watoto wadogo: maswali ambayo wazazi na walimu wa awali huniuliza mara kwa mara

Nafundisha darasa la awali mkoani Tanga. Kila mwaka mvua za vuli zikikaribia tunaingia katika somo la sisimizi, na kila mwaka naulizwa maswali yaleyale, na wazazi getini, na walimu wenzangu kwenye simu. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mengi ndani yake, mengine kwa maneno machache.

Kwa nini sisimizi? Si bora simba au tembo, ambao watoto wanawapenda?

Simba mtoto anamwona kwenye picha, sisimizi anamwona miguuni pake. Wengi wa watoto wangu hawajawahi kufika mbugani, lakini hakuna hata mmoja ambaye kwao hakuna sisimizi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kulala kifudifudi, pua karibu iguse ardhi, akamtazama mnyama huyu akibeba, akipigana, akimlisha mwenzake. Haihitaji tiketi wala gari.

Tena ni wengi. Mwaka 2022 watafiti walikadiria kwamba duniani kuna sisimizi 20 ikifuatiwa na sufuri 15, na aina zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 14,000. Niliiandika namba hiyo ubaoni, watoto wakazihesabu sufuri moja moja kwa sauti. Likawa somo la hesabu ambalo sikulipanga.

Sisimizi, chungu, siafu, mchwa… Mtoto nimwambie jina gani?

Mwambie jina lake halisi, na usimwite kila mdudu "dudu". Kiswahili kimekwisha kutufanyia kazi kubwa hapa, maana wazee wetu waliwagawa wadudu hawa kwa tabia zao kabla hatujaona kitabu chochote cha sayansi.

Sisimizi ni wale wadogo wa jikoni na barazani. Huku pwani wengi huwaita chungu, na ndilo neno lililotumika katika Biblia ya Kiswahili, Mithali 6:6, pale mvivu anapoelekezwa akajifunze kwao. Watoto hufurahi sana kugundua kwamba chungu anatembea, chungu kinapikiwa mboga, na dawa nayo ni chungu. Siafu ni wale wanaosafiri kwa maelfu na kuingia nyumba nzima. Wafanyakazi wao hawana macho kabisa, wanaongozwa na harufu na kugusana. Majimoto ni wale wekundu wa kwenye miembe, na aliyewahi kupanda mwembe wenye majimoto hahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi. Sungusungu ni weusi, wakubwa, wakali. Ndio waliowapa jina walinzi wa jadi wa Usukumani katika miaka ya 1980.

Mchwa ndiye anayewachanganya wengi, hata watu wazima. Mchwa si sisimizi. Ukoo wake uko karibu na mende, na vichuguu vikubwa tunavyoviona mashambani ni kazi yake. Kumbikumbi ni mchwa hao hao walioota mabawa. Njia rahisi ya kumwonyesha mtoto tofauti ni kusubiri usiku wa kumbikumbi. Asubuhi yake baraza huwa imejaa mabawa. Ukimpata kumbikumbi ambaye mabawa bado yamemshika, mtoto ataona mabawa manne yaliyolingana urefu, mwili ulionyooka usio na kiuno, na vipapasio kama uzi wa shanga. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba mno, vipapasio vyake vimepinda kama kiwiko cha mkono, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Waweke wote wawili juu ya karatasi nyeupe, kisha usiseme kitu. Waache watoto waseme.

Umri gani unafaa kuanza?

Akiweza kuchuchumaa na kutazama kwa dakika mbili, anaweza kuanza. Wa miaka mitatu atazame na kutaja majina. Wa miaka mitano na sita anaweza kubashiri, kujaribu na kuchora alichokiona.

Nianze na kitabu au nianze na mdudu mwenyewe?

Anza na mdudu. Katika maswali yote, hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko mengine, kwa sababu nililikosea mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nilianza na kitabu. Nilisoma vizuri, nikaonyesha picha, nikauliza, "Sisimizi ana miguu mingapi?" Darasa zima likaitika, "Sitaaa!" Nikafurahi. Kisha nikawagawia karatasi wachore. Karibu wote walichora mdudu mwenye miguu minne, kama mbuzi, na macho mawili makubwa yanayotabasamu. Neno "sita" walikuwa nalo mdomoni, machoni halikuwamo.

Siku iliyofuata tuliacha kitabu darasani, tukaenda kukaa chini ya mkungu uani. Kila mtoto akachagua sisimizi mmoja amfuate kwa macho. Tuliporudi kuchora, miguu ikawa sita, na msichana mmoja, ambaye darasani huwa hasemi, alichora mwili wa vipande vitatu vilivyoungwa kwa kiuno kama uzi. Nilipomuuliza kwa nini amefanya vile, alisema, "Mwalimu, amekatika, lakini hajafa."

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu: kwanza nje, kisha maswali ya watoto wenyewe, ninayaandika ubaoni kama walivyoyasema, halafu ndipo kitabu kinakuja kama mtu tunayekwenda kumuuliza. Baada ya kitabu tunatoka tena. Mara ya pili wanaona mambo ambayo mara ya kwanza yaliwapita, na hapo ndipo kitabu kinapokuwa kimefanya kazi yake.

Vitabu vya sisimizi vya Kiswahili ni vichache. Nitapata wapi?

Ni kweli ni vichache, ila si kwamba havipo. Mradi wa African Storybook unatoa hadithi za picha bure mtandaoni kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inakuruhusu kuzichapisha na hata kuzitafsiri. Waulize pia wakutubi wa mkoa wako. Mara nyingi vitabu vya watoto vimekaa kwenye rafu ya nyuma vikisubiri wa kuviulizia.

Ila kitabu bora cha sisimizi nilicho nacho kimetengenezwa na darasa. Chukua karatasi nne za A4, zikunje katikati, zishone kwa sindano na uzi kwenye mkunjo. Unapata kurasa 16. Kila mtoto wa kikundi anachora ukurasa mmoja wa kitu alichokiona yeye mwenyewe, anasema sentensi, wewe unaiandika chini ya picha kwa maneno yake bila kuyasahihisha. "Sisimizi amebeba mwenzie, mwenzie amelala." Mtoto huyo atakusomea sentensi hiyo kila siku, hata kama herufi bado hazijui zote, na kila mgeni anayeingia darasani atasomewa pia.

Nikiwa dukani au maktaba, nitajuaje kitabu kizuri?

Fungua picha, angalia miguu. Yote sita lazima itoke kwenye kifua, yaani kipande cha katikati. Vitabu vingi vinachora miguu ikitoka tumboni, na mtoto akishaiona hivyo ni kazi kumwondoa. Angalia vipapasio: vimepinda? Angalia kiuno.

Sipendi sana vitabu vinavyomfanya sisimizi kuwa mwalimu wa nidhamu tu, yule mchapakazi anayemsuta mvivu. Hadithi hizo zina nafasi yake, na watoto wanazipenda, lakini zinamfunga mtoto asiulize zaidi. Watafiti waliowatia sisimizi alama za rangi mmoja mmoja ili kuwafuatilia waliona kwamba sehemu kubwa ya wafanyakazi hutumia muda mwingi wakiwa wametulia tu, hawafanyi kazi yoyote. Nilipowaambia watoto hivyo, mmoja aliuliza, "Wanasubiri nini?" Swali hilo ni zuri kuliko funzo lolote la hadithi.

Shughuli ya kwanza kabisa iwe ipi?

Vizibo vya soda. Okota vitano, vioshe, vigeuze vikae kama visahani. Katika kimoja weka sukari kidogo, cha pili chumvi, cha tatu punje chache za wali, cha nne kipande cha dagaa, cha tano usiweke kitu. Vipange kwa mstari karibu na njia ya sisimizi, si juu ya shimo lao.

Kabla ya kuviweka, waulize watoto watabashiri nini. Wangu karibu wote husema sukari itashinda. Mwaka juzi dagaa alishinda. Kwa nusu saa kizibo cha sukari kilikuwa na sisimizi sita, cha dagaa kilikuwa cheusi hakionekani rangi. Watoto walishtuka kama timu yao imefungwa. Sababu yake iko shimoni: sisimizi mkubwa anahitaji utamu wa kumpa nguvu, lakini mabuu, yaani watoto wao, wanahitaji vyakula vya kujenga mwili ili wakue. Siku ambayo shimoni kuna mabuu wengi, nyama na samaki hutafutwa zaidi. Rudia baada ya wiki mbili, huenda matokeo yakageuka, na hapo watoto wanaanza kuelewa kwamba jaribio moja halitoshi.

Kizibo kitupu usikisahau. Mtoto lazima aone kwamba kinachowavuta sisimizi ni chakula, si kizibo chenyewe.

Wanajuaje kufuatana? Naweza kumwonyesha mtoto?

Unaweza, na hakuna jaribio ninalolipenda kuliko hili. Subiri mpaka kuna msafara uliokolea kutoka shimoni hadi kwenye chakula, juu ya sakafu au ukuta laini. Mwambie mtoto alowanishe kidole kwa maji na kufuta sehemu moja ya njia, upana wa kidole tu, pale ambapo kwa muda huo hakuna sisimizi. Kisha mtazame.

Sisimizi wa kwanza anafika ukingoni, anasimama. Vipapasio vinapiga chini kushoto, kulia, kushoto. Anarudi nyuma, anagongana na anayekuja, wanagusana vichwa. Ndani ya muda mfupi panakuwa na kundi upande huu na kundi upande ule, kama foleni ya daraja lililofungwa. Halafu mmoja anazunguka mbali kidogo, anavuka, na baada yake wa pili, mpaka njia inashika tena.

Mweleze mtoto kwamba yule aliyepata chakula aliporudi nyumbani aliburuza tumbo chini na kuacha harufu, na kila anayepita anaongeza yake. Chakula kikiisha hawaongezi tena, na harufu inapeperuka. Sisi hatuisikii harufu hiyo, wao ndiyo barabara yao.

Ndani ya darasa tunaucheza mchezo huo huo. Nachukua vipande vya kitambaa, vingine navipaka limau, vingine karafuu, navitandaza sakafuni. Mtoto anafungwa macho, anatambaa akifuata limau peke yake hadi kwenye "shimo". Darasa linakaa kimya kuliko siku nyingine yoyote.

Ukiwa na wale sisimizi wadogo mno wa nyumbani, wenye kichwa cheusi na tumbo jeupe linaloonyesha ndani, wape tone la maji ya sukari yaliyotiwa rangi ya chakula. Wakinywa, tumbo linabadilika rangi mbele ya macho yenu. Hapo utaweza kuwaeleza kwamba sisimizi ana matumbo mawili: moja lake, jingine la jamaa. Chakula cha lile la jamaa hakiliwi, kinabebwa nyumbani, na akikutana na mwenzie mwenye njaa humpa mdomo kwa mdomo.

Tuna mwembe wenye majimoto. Tuwaguse au tuwaache?

Tuwatazame kwa mbali kidogo, na tuwatazame sana, kwa sababu ni mafundi.

Kiota chao ni majani mabichi yaliyoshonwa. Ukiwahi siku wanayojenga utaona majimoto wamejipanga kwenye ukingo wa jani, wameng'ata jani la pili, wote wanavuta kwa pamoja. Jani likiwa mbali, mmoja anamshika mwenzake kiunoni, huyo anashikwa na mwingine, mpaka wanaunda mnyororo wa kuvuka pengo. Majani yakikutana, wengine wanatoka ndani wamebeba mabuu mdomoni. Buu ndiye anayetoa hariri. Fundi anamgusisha kwenye jani hili, anampeleka jani lile, anamrudisha, mpaka pamejaa utando mweupe. Mtoto wa fundi cherehani darasani kwangu alipoelezwa hivyo alisema, "Kwa hiyo buu ndiye sindano, na ndiye uzi." Sina maelezo bora kuliko hayo.

Wakulima wa minazi huku pwani wana sababu ya kuwaheshimu. Kuna mdudu afyonzaye minazi, ana udugu na kunguni, ambaye akivamia, vidaka hupukutika kabla havijawa vitale. Majimoto wakiwa juu ya mnazi wanamwinda na kumfukuza. Jambo hilo lilichunguzwa Zanzibar katika miaka ya 1950 na mtafiti M. J. Way, na mdudu huyo akapewa jina la kisayansi linalomkumbuka, Pseudotheraptus wayi. Huko Mtwara, kituo cha utafiti cha Naliendele nacho kimechunguza majimoto kama walinzi wa mikorosho. Ukiwa na babu mwenye shamba la minazi karibu na shule, mkaribishe aje kuwaeleza watoto. Wakimwamkia shikamoo na kumsikiliza kwa robo saa, wamepata kitabu kingine.

Majimoto hawana mwiba, lakini wanang'ata na kurushia tindikali inayochoma. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi.

Na usalama kwa jumla? Naogopa mwanangu ataumwa.

Hofu hiyo ni ya haki. Sheria zangu ni chache. Viatu vya kufunika mguu. Tunatumia macho, kijiti na karatasi, vidole havichokonoi shimo. Kabla ya watoto kutoka, mwalimu au mzazi anazunguka eneo kwanza, na akiona siafu, siku hiyo hatutoki upande huo. Msafara wa siafu si wa kufanyia jaribio. Unatazamwa kutoka mbali, watoto wakiwa wamesimama na si kuchuchumaa.

Akiumwa, mwondoe mdudu (kichwa cha siafu huweza kubaki kimeng'ang'ania, kichomoe), osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Akivimba uso au midomo, akipata shida ya kupumua au akitokwa na vipele mwili mzima, mkimbize hospitali bila kusubiri.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hawalifikirii: chaki ya kuua mende inayouzwa sokoni. Ni sumu, na kwa macho ya mtoto ni chaki tu. Kama imewahi kuchorwa kwenye ukuta au sakafu hiyo, msifanyie shughuli hapo, na kama iko nyumbani iondoe kabisa mahali ambapo mtoto hufika.

Darasa langu lina watoto 70 na sina hata lenzi moja.

Gawa makundi ya watoto kumi, kila kundi siku yake, wengine wakifinyanga au kuchora na msaidizi au mzazi wa kujitolea. Kuhusu lenzi, chukua plastiki ngumu inayoonyesha, kama kipande cha chupa ya maji kilichonyooka, dondoshea tone moja la maji katikati. Ukiisogeza karibu na kitu, tone hilo linakuza. Linatikisika, linahitaji subira, lakini mtoto aliyejitengenezea lenzi huiangalia dunia nzima kwayo mpaka jioni.

Shughuli gani zinafaa siku ya mvua?

Kufinyanga. Madonge matatu ya udongo, dogo la kichwa, la wastani la kifua, kubwa la tumbo, na kijiti chembamba cha kuunga kiuno. Miguu sita ya chelewa, yote kwenye kifua. Vipapasio viwili vilivyokunjwa. Nawaambia wafinyange bila kuangalia picha, kisha tunafungua kitabu kukagua. Anayekuta miguu imekaa tumboni anaichomoa mwenyewe, simchomolei mimi.

Vitendawili pia. Nimetunga kimoja ambacho sasa wanategana hata mitaani. Kitendawili! Tega! "Jeshi langu halina kishindo, lakini sukari imekwisha." Waache watunge vyao.

Naweza kuwafuga kwenye chupa nyumbani?

Kwa siku chache, ndiyo. Chukua chupa pana ya kioo, ndani yake weka chupa ndogo iliyofungwa, halafu jaza udongo mwepesi wenye unyevu kidogo katikati ya hizo mbili. Hivyo sisimizi watalazimika kuchimba karibu na kioo na njia zao zitaonekana. Chukua sisimizi 20 au 30 wa shimo moja tu. Wa mashimo mawili watauana. Funika kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira, zungushia karatasi nyeusi ambayo mtaiondoa wakati wa kutazama, weka pamba yenye maji na chembe za chakula, na chupa isikae juani hata kidogo.

Bila malkia hawatazaana, na wafanyakazi peke yao hawadumu. Baada ya siku nne au tano warudisheni pale pale mlipowatoa. Nimeona watoto wakilia siku hiyo na wengine wakipunga mkono.

Nimeona mtandaoni watu wanauza malkia wa sisimizi. Ninunue?

Hapana. Mwezi wa Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 ya Kenya kila mmoja kwa kosa la kujaribu kusafirisha sisimizi nje ya nchi. Vijana wawili raia wa Ubelgiji kati yao walikamatwa na malkia wapatao 5,000, wakiwa wamewekwa kwenye vibomba vyenye pamba. Wengi walikuwa wa aina kubwa ya Afrika Mashariki inayokusanya mbegu. Kila malkia anayechukuliwa ni koloni zima, yaani jamii nzima ya sisimizi, ambalo halitaanzishwa.

Na aina ya kigeni ikiachiwa, madhara hufika mbali. Huko kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia nchini Kenya, sisimizi wa kigeni wenye vichwa vikubwa waliwaua sisimizi wenyeji ambao walikuwa wakiilinda migunga dhidi ya tembo. Tembo wakaivunja migunga, uwanda ukabaki wazi, simba wakakosa pa kujificha wanapowinda pundamilia, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ukaonyesha kwamba simba wamegeukia nyati zaidi. Darasani tunaliigiza: mmoja sisimizi, mmoja mgunga, mmoja tembo, mmoja pundamilia, mmoja simba. Namwondoa sisimizi tu, kisha nauliza nani atafuata kuhangaika.

Mwanangu anawaponda kwa makusudi. Nimchape?

Usimchape. Mara nyingi anajaribu kujua kitatokea nini, na huo ndio udadisi tunaoutafuta, ila umeshika njia mbaya. Mpe kazi: "Huyu ni wako, mfuate, uniambie anakwenda wapi." Mvulana mmoja aliyekuwa bingwa wa kuponda alimfuata wake kwa dakika kumi, mpaka akazama shimoni na ganda la karanga. Aliporudi alikuwa anawakemea wenzake wanaokanyaga.

Kwa watoto Waislamu, kisa cha Nabii Suleiman katika Sura ya 27, An-Naml, kinagusa sana: sisimizi anawaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na jeshi lisilojua. Nabii anasikia, anatabasamu. Bibi mmoja alikuja kukisimulia darasani, na wiki nzima watoto walikuwa wakitembea wakiangalia chini.

Nyumbani, sisimizi wakivamia jikoni, futeni njia yao kwa maji ya sabuni na mfunike chakula. Mtoto akishiriki anajua ni kwa nini inafanya kazi.

Maswali ambayo watoto huuliza, nayajibuje?

Yanayojirudia ni haya. Sisimizi mdogo si mtoto. Akishatoka kwenye pupa, yaani hatua ya buu kugeuka kuwa sisimizi kamili, haongezeki kimo, watoto ni mabuu meupe yasiyo na miguu. Wafanyakazi wote ni majike. Wenye mabawa ni madume na malkia wachanga. Malkia akishapandwa anaangusha mabawa na kwenda kuanzisha nyumba, dume hufa. Malkia mmoja wa Ulaya aliyefugwa aliishi zaidi ya miaka 28, kwa hiyo alimzidi umri mwalimu msaidizi wetu. Wanalala, vipindi vifupi vifupi. Hawana mapafu, wanavuta hewa kwa vitundu vilivyo ubavuni. Wakifa, wenzao huwabeba kuwapeleka jalalani mwao. Na je, wanasaidiana wakiumia? Kuna chungu weusi wawinda mchwa, na mwaka 2017 watafiti waliowachunguza nchini Kodivaa walieleza jinsi wanavyowabeba majeruhi wao kurudi nyumbani baada ya vita.

Na nikiulizwa swali nisilolijua?

Liandike. Ukutani kwetu kuna karatasi ya manila yenye kichwa "Bado hatujui", na kila swali lina jina la mtoto aliyeliuliza. Likipatiwa jibu, mwenye swali ndiye anayelikata kwa kalamu nyekundu. Mengi hukatwa. La juu kabisa limekaa tangu Februari: sisimizi aliyepanda basi la Korogwe kwenye mfuko wa mama, atasikiaje harufu ya kwao?